Kima, Papa na Mtoto wa Dawati la Nyuma

Hadithi ya kima na papa inajulikana pwani nzima. Kima anakaa juu ya mkuyu ambao nusu ya matawi yake yameinamia bahari. Kila siku anakula matunda, na papa aliye chini anaomba atupiwe naye. Urafiki wao unaanzia hapo. Siku moja papa anamwalika mwenzake kwao, anambeba mgongoni, na walipofika katikati ya maji anamtolea siri: sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwa utulivu kwamba angeambiwa mapema, maana wao hawasafiri na mioyo yao, huiacha mitini. Wanarudi kuufuata. Kima anapanda juu, anakaa kimya, na hashuki tena. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyeishi Unguja, aliikusanya pamoja na hadithi nyingine za hapo akaichapisha London mwaka 1870, lakini wengi wanaoisimulia leo hawajapata kukiona kitabu chake.

Naichagua hadithi hii kwa sababu sijui somo linalofaa kuizidi katika darasa lenye mtoto asiyeona, mtoto kiziwi, mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na wengine sabini na ushei ambao miili yao haijapata kuandikwa kwenye faili lolote. Ina juu na chini. Ina kitu kinachodondoka majini. Ina safari ya kwenda na ya kurudi kwa njia ile ile, na katikati ya safari ina neno linalobadili kila kitu. Mtoto anaweza kuingia humo kwa sikio, kwa jicho, kwa ngozi au kwa pua, na kitabu cha kiada hakina milango mingi kiasi hicho.

Nianze na kiziwi, maana katika jambo hili ndiye tunayemdhulumu zaidi. Watoto viziwi, walio wengi, huzaliwa katika nyumba za watu wanaosikia. Jioni bibi anaposimulia, mtoto huyu yupo pale pale mkekani. Anaona midomo ikicheza, anaona kaka zake wakiangua kicheko, naye anacheka kwa kuwa wamecheka. Akivuta kanga ya mama kuuliza kulikoni, anaonyeshwa kwa mkono kwamba asubiri, ataelezwa. Haelezwi. Anafika darasa la kwanza mamia ya hadithi yakiwa yamempita, na pamoja nayo yamempita mambo ambayo wenzake walifundishwa bila kujua kuwa wanafundishwa: kipi hutangulia kipi, mwongo hujulikana kwa nini, mnyonge huponaje mbele ya mwenye nguvu. Hapo mwalimu anaandika kwamba mtoto ni mzito wa kuelewa. Kumbe hajapewa.

Sasa mpe hadithi ya kima kwa Lugha ya Alama ya Tanzania. Msimulizi anayeijua vyema lugha hiyo huigawa nafasi iliyo mbele ya kifua chake: kima anamweka juu upande huu, papa anamweka chini upande ule, na tangu hapo hana haja ya kuwataja kila mara. Akiinua uso, ni papa anayeomba. Akiuinamisha na kukunja kiganja kama aliyeshika tunda, ni kima anayejiandaa kutupa. Mwili mmoja unakuwa wawili kwa kugeuka kidogo tu kwa bega. Hiyo ndiyo sarufi ya lugha za alama, na hadithi hii ya juu na chini ni kana kwamba ilitungiwa mikono. Mtoto kiziwi huiona ikitendeka. Wenzake wanaosikia nao huiona, na wengi wao watakumbuka uso wa yule papa muda mrefu baada ya kusahau maneno.

Faida nyingine haionekani siku ya kwanza. Wanaosikia wanajifunza alama chache zisizokwepeka katika hadithi hiyo: rafiki, tunda, moyo, rudi. Kengele ya mapumziko ikilia, wanatoka uwanjani wakiwa na maneno manne ya kumwambia mwenzao ambaye jana hawakuwa na hata moja. Wiki ijayo itakuja hadithi nyingine na alama zake. Hata mwito wa kuanzia unaweza kubadilika. Msimulizi anaita paukwa huku akipiga sakafu kwa mguu, mtikisiko ufike kwa asiyesikia, na darasa zima linajibu pakawa kwa midomo na kwa mikono iliyoinuliwa. Hakuna anayebaki akitazama wengine wakijibu.

Mtoto asiyeona husikia hadithi vizuri, ndiyo maana walimu hudhani haina la kumsumbua. Lakini papa ni nini kwa mtoto ambaye hajawahi kumgusa wala kumwona? Ni neno limeungwa na maneno. Walimu wa watoto wasioona wana desturi ya kuandaa sanduku la hadithi: vitu halisi vya hadithi hukusanywa, navyo hupita mkononi mwa watoto kadiri masimulizi yanavyosonga. Kwetu sanduku hili halihitaji mfadhili. Papa mkavu anauzwa sokoni, na ukali wa ngozi yake na harufu ile isiyofichika vinaeleza zaidi ya picha yoyote. Tawi lenye magome linapatikana. Beseni la maji lipo. Wote wafumbe macho, wote washike, na yule ambaye siku zote huelezwa na wenzake ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema upande upi wa ngozi ni mkia, kwa kuwa vidole vyake vina mazoezi. Baadaye likija suala la kusoma, neno papa likiandikwa kwa nukta nundu, herufi kwa herufi, ni nukta nne, kisha moja, kisha nne, kisha moja. Kidole huufahamu mdundo huo kabla hakijazijua herufi zenyewe.

Na yule ambaye maneno hayamtoki, ambaye mkono mmoja tu ndio unaomtii na hata huo kwa shida? Beseni liwekwe mbele yake na kokoto pembeni. Kila kima anapotupa tunda, yeye ndiye anayedondosha. Hadithi nzima inasimama kumsubiri. Watoto themanini wananyamaza wakisikiliza tubwi, na ikichelewa hakuna anayemsaidia, maana tunda halijadondoka mpaka yeye alidondoshe.

Lakini hadithi hii ina mkia, nao unauma. Papa alipomwita kima ashuke, kima alimjibu kwa kumsimulia habari za punda wa dobi. Sungura alimrubuni punda huyo hadi kwa simba, punda akaponea chupuchupu, kisha akarubuniwa tena akarudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio. Simba alipoviulizia, akaambiwa punda huyu hakuwa navyo. Angekuwa navyo, asingerudi mara ya pili. Kima anamaliza kwa kusema yeye si punda wa dobi. Ni jibu la werevu mkubwa, na watu wazima hulifurahia hadi leo. Ila keti ulisikilize, au ulitazame, ukiwa mtoto kiziwi. Kukosa masikio, humo, ni kukosa akili. Anayesimulia hakukusudia kumtukana mtu. Hadithi imelibeba tusi hilo vizazi na vizazi, nasi tumelipokea pamoja na utamu wake.

Sishauri likatwe. Mtoto atakutana nalo mtaani bila mwalimu wa kumsindikiza, heri akutane nalo darasani. Ninachoshauri ni kwamba mwalimu asilipite kama asiyeliona. Aulize: ni kweli punda alirudi kwa sababu hana masikio? Masikio alikuwa nayo, maana ndiyo yaliyosikia uongo wa sungura mara mbili na kuuamini. Watoto wakilifikia hilo wenyewe, watakuwa wameisoma hadithi kuliko wengi wetu tulivyoisoma.

Ukianza kutazama kwa jicho hilo, utakuta wenye ulemavu wamejaa katika masimulizi yetu na ya jirani zetu, na kazi wanazopewa ni chache. Mchawi ana jicho moja. Kibyongo katika Alfu Lela Ulela anakwamwa na mwiba wa samaki, na mwili wake unatupwa kutoka nyumba hadi nyumba ili sisi tucheke. Akitokea shujaa, lazima apone: Sundiata wa simulizi za Mali hatembei hadi miaka saba, kisha anajiinua kwa fimbo ya chuma na kwenda kung'oa mbuyu kwa ajili ya mama yake aliyedharauliwa. Ni tukio linalotetemesha, naliheshimu. Lakini mtoto aliye kwenye kitimwendo akilisikiliza, anaambiwa nini kuhusu asubuhi yake ya kesho, atakapoamka miguu ikiwa ile ile? Anaambiwa kwamba hadithi yake haijaanza.

Zipo pia hadithi zilizoua. Katika Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, watu wenye ualbino walikatwa viungo na kuuawa kwa sababu ilisimuliwa kwamba viungo hivyo huleta utajiri, hujaza nyavu samaki, huonyesha dhahabu ilipo. Nyuma ya uvumi huo kulikuwa na mwingine mkongwe zaidi, kwamba watu hawa hawafi, hutoweka tu. Zitazame kama masimulizi na utaona zimekamilika: zina maskini anayehangaika, zina mganga anayejua njia, zina mwisho wa kutamanisha. Zilichokosa ni mtu. Mwenye ualbino ndani yake hana jina, hana mama, hana timu anayoishabikia. Serikali ikalazimika kuwakusanya watoto katika vituo kama Buhangija mkoani Shinyanga na Mitindo huko Misungwi, wakalelewa humo mbali na nyumba zao, ili wabaki hai.

Uvumi wa namna hiyo hauondolewi kwa kipeperushi. Mtoto aliyewahi kumwigiza papa ilhali mwenzake mwenye ualbino akimwigiza kima, waliogombana nani apande juu ya dawati na kusuluhishwa, hawezi kuja kuaminishwa kirahisi kwamba yule ni kiumbe kinachotoweka. Anamjua. Anajua alivyo mbishi. Na hapa kuna jambo dogo la kiutendaji ambalo halisemwi vya kutosha: watoto wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, ubao hawauoni hata wakikaa karibu, achilia mbali wanaposukumwa dawati la nyuma. Somo zima likiwa limeandikwa ubaoni, mtoto huyo hayumo darasani. Saa ya hadithi haina ubao.

Wanafunzi wa sekondari nchini Tanzania wamesoma kwa miaka mingi riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, habari za mama wa Kishona aitwaye Sekai anayetoroka na mtoto wake mwenye ualbino ili asiuawe. Nakipenda kitabu hicho. Mama ana akili na woga wake, mtoto anakua, anajifunza kupiga mbira, anapenda na kupendwa. Nina mawili ya kulalamikia, na hata moja si kosa la mwandishi. Kinasomwa kwa Kiingereza, tena katika umri ambao uwanja wa shule ya msingi umekwisha kufundisha dharau yake kwa Kiswahili fasaha. Na kipaji cha mbira kinanifikirisha. Watoto wetu wenye ulemavu hadithini ama wapone, ama wawe na kipawa kinachoifidia hitilafu. Natamani hadithi ya mtoto asiyeona ambaye si mwimbaji hodari, ana uroho wa maandazi, na siku hiyo amemdanganya dada yake.

Hadithi kama hiyo haitatungwa na mimi. Ataitunga yeye, na juu ya hilo nimejifunza zaidi kwa mwalimu mmoja wa chekechea wa Marekani, Vivian Gussin Paley, aliyefundisha kwa miaka mingi katika shule iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Chicago. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Mtoto anamsimulia mwalimu hadithi, mwalimu anaiandika kama ilivyosemwa bila kuirembesha, kisha siku hiyo hiyo darasa linaiigiza, na mwenye hadithi ndiye anayechagua atakuwa nani. Hadithi zenyewe mara nyingi ni sentensi mbili tatu. Mwaka 1990 Paley alitoa kitabu kuhusu mvulana anayemwita Jason, aliyekuja darasani na helikopta yake ndogo, hakutaka kucheza na yeyote, na kila alipoulizwa kitu alijibu kwamba mapanga ya helikopta yamevunjika. Mwalimu hakumtafutia jina la tatizo. Alisubiri na kusikiliza. Kilichotokea kilifanywa na watoto: walianza kuiweka helikopta katika hadithi zao. Kukawa na mahali pa kutua. Hadithi ya nyumba na watoto wachanga ikapata helikopta inayopita. Jason, ambaye hakuweza kuingia katika dunia ya wenzake, alikuta dunia hiyo imeacha uwazi wenye umbo lake, na taratibu akaanza kuingia.

Nimelifikiria tukio hili sana. Kila tunapozungumzia elimu jumuishi, swali letu ni namna ya kumrekebisha mtoto alifae darasa, au tukijitahidi, namna ya kulirekebisha darasa: njia panda ya kitimwendo, mwanga, vitabu vya maandishi makubwa. Vyote vinahitajika, na aliyenyimwa njia panda haambiwi asubiri hadithi. Ila wale watoto wa Chicago walifanya la tatu. Walilichukua jambo la ajabu la mwenzao wakaliona linafaa. Huo ni uamuzi ambao sheria haiwezi kuwafanyia watoto. Miaka miwili baadaye Paley aliandika kuhusu kanuni aliyoiweka darasani, kwamba hakuna anayeruhusiwa kumwambia mwenzake huwezi kucheza nasi, na hata kanuni hiyo hakuiacha peke yake. Aliifuatanisha na hadithi ndefu ya ndege aitwaye Magpie, akiwasimulia watoto kipande kwa kipande.

Najua litakaloulizwa. Chicago hakuna darasa la watoto themanini na mwalimu mmoja. Ni kweli, na mwalimu wa huku simlaumu kwa uchovu wake. Basi tuhesabu. Kalenda ya shule za Tanzania ina siku 194 za masomo. Hadithi moja kwa siku, dakika kumi za kuisikiliza na kuiigiza, inampa kila mtoto katika darasa la themanini zamu mbili kwa mwaka, na siku zinabaki. Mara mbili kwa mwaka, maneno ya mtoto mwenye ulemavu wa akili, yaliyotoka kwa shida na kwa mpangilio wake, yanaandikwa na mtu mzima kwa uangalifu na kutendwa na darasa zima. Sijui zawadi nyingine ya dakika kumi inayolingana na hiyo.

Makaratasi tunayo. Tamko la Salamanca ni la mwaka 1994. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga sheria yake mwaka 2010. Mwaka huo huo Katiba mpya ya Kenya ikaifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Mikakati ya elimu jumuishi imefuatana. Hata hivyo shule nyingi zinazoitwa jumuishi zina kitengo: chumba pembeni ambacho watoto wake wanapita lango moja na wenzao, wanaimba wimbo wa Taifa mstari mmoja na wenzao, kisha wanageuka kulia huku wengine wakigeuka kushoto. Siombi vitengo vifungwe kesho. Mtoto kiziwi aliyetupwa katika darasa lisilo na mkalimani yupo mpweke kuliko aliye kitengoni na viziwi wenzake, na wanaoshangilia kufungwa kwa vyumba hivyo bila kuleta walimu wanamwumiza. Naomba nusu saa. Kila siku, kabla ya chakula, milango yote miwili ifunguliwe na watoto wakae chini ya mti mmoja.

Wa kusimulia wapo. Kila mji una viziwi watu wazima, mafundi cherehani, mafundi seremala, wauza duka, ambao lugha ya alama ndiyo wanayoiotea ndoto, na wengi hawajaalikwa shuleni tangu walipotoka wakiwa wanafunzi. Chama cha Viziwi Tanzania kinawajua. Mwalimu aliyehudhuria mafunzo ya lugha ya alama ya wiki mbili anaweza kufundisha hesabu kwa alama zake chache, lakini hawezi kuwa kima na papa kwa zamu bila kuwachanganya. Fundi cherehani anaweza. Alipwe nauli na posho kama anavyolipwa mgeni mwingine yeyote anayekuja kufundisha. Atasimulia kwa mikono, na mtoto anayesikia, aliyezoea kumwona fundi huyu mtaani kama mtu wa kupigiwa kelele sikioni, atalazimika kumtazama usoni asipitwe na hadithi. Siku hiyo watakaoomba kutafsiriwa ni wale sabini na ushei, na wa kuwatafsiria ni yule kiziwi wa dawati la nyuma.